Je, kondoo dume mkubwa ndiye mbegu bora?

Wafugaji wengi Uganda, tangu Karamoja hadi Mbarara, huamini kwamba dume mkubwa kuliko wote mnadani ndiye mbegu bora. Lakini ukubwa hutokana pia na malisho, umri, hata kuzaliwa peke yake badala ya pacha. Ndiyo maana vyama vya wafugaji wa aina moja ya kondoo hutunza daftari: wazazi, tarehe ya kuzaliwa, uzito wakati wa kuachishwa ziwa. Soko au hali ya hewa ikibadilika, daftari huonyesha ni koo zipi zinazohimili. Muulize muuzaji: dume alizaliwa lini, pacha au la, na ndugu zake wakoje? Nyumbani, linganisha wanakondoo wa umri mmoja waliolishwa pamoja. Na dume asipande binti zake, tafadhali, uzao hudhoofika.