Kreatinini yako "nomo", figo je? Uongo na ukweli wa vikokotoo vya figo

Siku hizi mtu anatoka maabara Moshi mjini, hata daladala haijajaa ashajaza namba zake kwenye kikokotoo cha figo kwenye simu, na akifika Kiborloni ukoo mzima unajua figo zimekufa. Au zimepona, inategemea kajaza nini.

Uongo mkubwa ni huu wa kusema kreatinini ikiwa kawaida basi figo ziko fresh. Aisee hapana. Kreatinini ni taka ya misuli, kwahiyo mwenye misuli mingi anayo nyingi na mwenye misuli kidogo anayo kidogo hata figo zikiwa zimechoka. Chukua dogo wa bodaboda wa Kilombero Arusha, miaka 25, na bibi wa Machame wa miaka 70, wote wametoka na kreatinini 106 ileile. Kwa CKD-EPI ya 2021, fomula inayotumiwa na vikokotoo, dogo anapata eGFR (makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu) kama 86, bibi anapata kama 49, na ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi huo ndo ugonjwa sugu wa figo. Ndo maana kikokotoo kinauliza umri na jinsia, sio umbea.

Halafu kuna wanaodhani kipimo hiki hakijali umekula nini. Kinajali sana, nyama iliyopikwa inapandisha kreatinini kwa masaa kadhaa, sasa wewe umetoka kupiga mbuzi choma na supu juu halafu unaenda kutoa damu, unategemea nini? Waingereza wanashauri usile nyama masaa 12 kabla, huku kwetu hiyo ni adhabu lakini ndo hivyo.

Kingine ni yuniti za kreatinini. Ile 106 ni mikromoli kwa lita, ila vikokotoo vingi vya Marekani vinataka miligramu kwa desilita. Ukiijaza hivyohivyo inakwambia figo zinachuja karibu na sifuri na wewe umesimama hapo unakula ndizi. Gawanya kwa 88.4 kwanza, inakuwa 1.2.

Na kile kitufe cha "mtu mweusi" wengi wanakibonyeza wakijua kinawahusu. Fomula ya zamani ya MDRD ilikuwa inamuongezea mweusi kama asilimia 21, mtu wa 52 anapaa mpaka 63 bila figo kubadilika chochote! CKD-EPI ya 2021 imekitoa kabisa, kwahiyo ukikikuta bado kipo jua ni kikokotoo cha kizamani, tafuta kingine. Mimi hiki kinanikera kuliko vyote maana hiyo nyongeza inamfanya mgonjwa aonekane mzima.

Pia ukiwa umeharisha siku mbili, au figo zimegoma ghafla, eGFR haiaminiki. Hesabu inadhani kreatinini imetulia, kumbe bado inapanda.

Sasa la CT skani. Watu wanakataa ile dawa inayochomwa kwenye mshipa picha ionekane vizuri, eti inaua figo. Zamani hata madaktari waliiogopa hivyo, ila 2020 wataalamu wa radiolojia na wa figo wa Marekani walikaa pamoja wakasema hatari ilikuwa imekuzwa, wa kuwaangalia zaidi ni wenye eGFR chini ya 30 au ambao figo zimeumia ghafla, hao wanaweza kuwekewa dripu ya chumvi. Wa 49 kama bibi yetu kwa kawaida anapigwa picha yake vizuri tu, na CT isiyo na dawa haina hata haja ya hiyo hesabu.

Altrasaundi nayo inasifiwa isivyo. Inaonyesha ukubwa, mawe, mkojo uliokwama, lakini haipimi uchujaji, na mgonjwa wa sukari anaweza kuwa na figo nzuri kabisa kwenye picha huku protini inavuja. Hiyo inaonekana kwenye mkojo, mwambie dokta apime albumini, ndo hiyo protini yenyewe.