Wazee wa Geita na Adabu Mnayowasingizia

Iwe Mwaloni Kirumba au kwenye daladala ya Buhongwa, hadithi ni ileile: wazee wetu walidai haki zao kwa adabu, hawa Gen Z wanaoandamana ni fujo tu. Mimi historia ya harakati ndiyo kazi yangu, na hii nimechoka nayo.

Chukueni 1958. TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilikuwa kimefungiwa Usukumani tangu 1954. Watu walishachoshwa na kulimishwa matuta kwa lazima na amri za kupunguza ng'ombe, mara serikali ya kikoloni ikawaletea Geita baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi zote, wengine wasiowataka. Wakavuka maji kuja Mwanza kumwona mkuu wa jimbo. Walipokelewa kwa virungu na mabomu ya machozi. Kibali hawana, chama halali hawana. Adabu hiyo mliiona wapi?

Tena Januari ya mwaka huohuo, kule Tabora, mkutano wa TANU ulikubali kura tatu: mpiga kura amchague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Viongozi wanameza masharti ya mkoloni, wakulima wa Geita wanayatema. Mkisema "wazee", mnasema wepi?

La pili, simu. Eti bila simu kusingekuwa na vijana barabarani. Habari za 1958 zilitembea na magulio na vituo vya pamba, na marufuku haikuzizuia. Intaneti yetu ilizimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025. Sasa niambieni kipi ni rahisi kuzima.

Kinachostahili ubishi ni fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba huku kwetu walikuwa na hakika kwamba mnunuzi anawapunja, wakaweka mizani yao pembeni: mzigo unapimwa kwanza kwako, ndipo uende kwake. Ubishi wa ratili ukazaa vyama, na 1955 ukazaa muungano wa ushirika wa Victoria chini ya Paul Bomani, ambao baadaye ulikuwa na vinu vyake wenyewe vya kuchambulia pamba. Vijana wa Kenya mwaka 2024 walifanya jambo la aina hiyohiyo: walichambua muswada wa fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakachangishana kwa simu za mkononi kulipia hospitali na dhamana. Juni 25 wakaingia bungeni. Kesho yake Ruto akakataa kuusaini. Ila mchango wa simu huja na msiba na kuondoka nao, wakati makato ya ushirika yalirudi kila msimu.

Hapo ningewapa wazee ushindi, kama si 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika. Chenye ofisi na akaunti hufungwa kwa kalamu moja. Huenda vijana wanaokataa kuwa na mwenyekiti wameliona hilo kuliko sisi wasomi.

Na kuna linalonisumbua katika ulinganishi wangu mwenyewe. Wazee wa 1958 wengi walihojiwa baada ya kushinda, na katika simulizi hizo kila mtu alikuwa TANU. Aliyebaki nyumbani, au aliyekuwa upande wa mtemi, humsikii. Nyaraka za serikali hazinisaidii sana: waliziandika maofisa waliokuwa wakisaka wachochezi, na wakawaona hata kwenye foleni ya pamba.