Je, wajua kwa nini sauti yako hukurudia imechelewa unaporekodi nyumbani?

Ami yangu ni mtu wa kasida. Tangu nipate akili namsikia akiongoza safu kwenye Maulidi hapa Lamu, na sijapata kumsikia akikosea mstari. Lakini siku niliyomketisha chumba cha juu, nikamvisha hedifoni na kumwekea maiki mbele ya mdomo, alipotea ubeti wa kwanza. Akaanza upya. Ulimi ukawa mzito, maneno yakaburutika kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Akazivua hedifoni, akazichungulia ndani.

"Mwanangu, humu mna mtu aniiga."

"Ni sauti yako mwenyewe, ami. Yachelewa kidogo tu."

"Basi ikija tena iambie mimi nishapita."

Tulicheka, lakini kazi ilikwama siku ile. Nilidhani kasoro ni maiki, kisha nikadhani ni waya, nikaazima waya mwingine, hali ikawa ile ile. Kumbe maiki haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kungoja: sauti ya ami ilikuwa inangojeshwa ndani ya kompyuta kabla ya kumrudia masikioni.

Mtu anapoimba au kusema, sikio lake humfuata neno kwa neno na kuuambia ubongo kama mambo yanakwenda sawa. Mpe taarifa hiyo imechelewa, naye atababaika hata akiwa bingwa. Mwaka 1950 mtafiti Bernard S. Lee aliandika kwamba mtu anayesikilizishwa usemi wake mwenyewe kwa kuchelewa huanza kugugumia, na tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba ucheleweshaji unaotatiza zaidi ni ule wa karibu moja ya tano ya sekunde. Wajapani wawili, Kazutaka Kurihara na Koji Tsukada, wakatengeneza kifaa cha kuwanyamazisha wasemaji wasiokoma kwa njia hiyo hiyo: unamwelekezea msemaji, kinamrudishia sauti yake imechelewa, naye anashindwa kuendelea. Kiliwapatia tuzo ya Ig Nobel mwaka 2012, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha. Mimi nilikuwa nimemtengenezea ami kifaa hicho bila kujua, kwa laptopu ya mtumba na maiki iliyochomekwa kwenye tundu la pembeni.

Sasa, sauti inangoja nini humo ndani?

Sauti ikiingia kwenye kompyuta haipiti mfululizo kama maji ya mfereji. Hukatwa vipande viitwavyo sampuli: 44,100 kwa sekunde kwa kiwango cha zile CD, 48,000 kwa kiwango kinachotumika kwenye video. Kompyuta haiwezi kuacha shughuli zake zote ipokee sampuli moja moja. Huziacha zijae kwenye chombo, ndipo izichukue kwa mkupuo mmoja. Chombo hicho mafundi hukiita bafa. Mimi nakiita kata.

Waliokulia kwenye nyumba zenye kisima wataniona sijakosea. Kisima kiko huku, mtungi uko kule, na mtungi una tundu linalotoa maji bila kukoma. Wewe ndiye mchotaji. Ukichota kwa kata ndogo, maji yanafika upesi, lakini utakwenda na kurudi bila kupumua. Ukisimama kuitikia salamu tu, mtungi umekauka. Ukichota kwa ndoo kubwa utapata nafasi ya kupumua, ila kila safari lazima ungoje ndoo ijae. Ule mlio wa "tk, tk" unaoharibu rekodi ndio mtungi uliokauka: kompyuta imechelewa kuleta sampuli, na mahali pa sauti pakabaki pengo.

Tuhesabu kidogo. Kata ya sampuli 1,024 kwa kiwango cha 48,000 hujaa kwa milisekunde 21. Sauti inachotwa mara mbili, ikiingia na ikitoka, kwa hiyo tayari ni 42, kabla ya kuongeza muda wa kuigeuza sauti kuwa tarakimu, kuirudisha kuwa sauti, na kuipitisha kwenye USB. Kata ya sampuli 128 hujaa kwa milisekunde 2.7 tu, na safari nzima mara nyingi huishia karibu na 10. Lakini kwa kata hiyo mchotaji anakwenda kisimani mara 375 kila sekunde, na hana ruhusa ya kuchelewa hata safari moja.

Je, milisekunde 10 ni nyingi? Sauti hewani husafiri kiasi cha mita 350 kwa sekunde kwa joto letu la pwani, yaani karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Mwimbaji aliyekaa mita tatu na nusu kutoka kwa wapiga matwari anawasikia wamechelewa milisekunde 10, na sijawahi kuona Maulidi yakivunjika kwa sababu hiyo. Tulipokuja kupima, ami alikuwa akirudishiwa sauti yake baada ya milisekunde 230. Hiyo ni kama mtu anayeimba huku sikio lake limewekwa mita 80 mbali naye.

Hata hivyo mwimbaji ni mkali kuliko mpiga ngoma. Sauti yake humfikia kupitia mifupa ya kichwa papo hapo, kisha ile ya hedifoni inakuja kuigonga kwa nyuma. Zikichanganyika, baadhi ya masafa hufutana, na hata milisekunde 5 au 6 zinatosha kumfanya ajisikie kama anaimbia ndani ya mtungi. Hatapotea maneno, ila hataipenda sauti yake, na mtu asiyeipenda sauti yake huimba kwa kubana.

Ukishalielewa jambo hili la kata, ununuzi wa kompyuta unabadilika. Dukani utaambiwa habari za koa nyingi, yaani sehemu za prosesa zinazofanya hesabu, na tarakimu kubwa. Uliza jingine: mchotaji huyu husimama njiani mara ngapi? Kompyuta yenye kasi ya kustaajabisha ikisimama milisekunde 3 tu kushughulikia waifai, kata ya milisekunde 2.7 imeshapitwa. Ndiyo maana kuzima waifai wakati wa kurekodi kunaponya laptopu nyingi zinazodhaniwa mbovu. Na kwa kuwa vionjo, kama vile mwangwi, vilivyopangwa kwenye njia moja ya sauti hufanyiwa kazi kwa zamu, kimoja kikisubiri kingine, kasi ya koa moja ina maana zaidi kuliko wingi wa koa.

RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya GB 8 inatosha sauti, udi na matwari. Ukitaka kupigisha piano na fidla zinazotoka ndani ya kompyuta yenyewe, tafuta 16, kwa sababu rekodi za ala hizo hukaa kwenye RAM.

Diski nina neno nayo. Wengi husema huwezi kurekodi bila SSD, na si kweli. Njia moja ya sauti ya biti 24 kwa 48,000 hula megabaiti 8.6 kwa dakika. Njia kumi kwa pamoja hazifiki megabaiti moja na nusu kwa sekunde, na diski ya zamani inayozunguka huvumilia mara nyingi zaidi ya hapo. SSD nunua kwa sababu nyingine: haizunguki, haina mlio, na programu hufunguka upesi. Ukimya huo si jambo dogo, kwa maana feni na diski zikivuma kando ya maiki hutazitoa tena. Kompyuta kama MacBook Air iliyotoka mwaka 2020 na chipu ya M1 haina feni kabisa, na kwa kazi ya chumba kimoja naiona ni neema. Asiye na uwezo nayo, kama mimi, huiweka laptopu yake chumba cha pili na kuvuta kebo ndefu ya maiki chini ya mlango.

Nayo intafesi, kile kisanduku cha kuchomekea maiki, inasaidia nini? Ina vigeuzi vizuri vya sauti na kikuzio safi cha maiki, sawa, lakini kwa tatizo la ami msaada wake ulikuwa mwingine. Wa kwanza ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa. Windows kwa njia yake ya kawaida huipitisha sauti kwenye milango mingi ya ndani, kila mlango na kata yake. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilileta mfumo wa ASIO mwaka 1997 ili programu ya muziki izungumze na kifaa moja kwa moja. Intafesi nzuri huja na draiva yake ya ASIO iliyoandikwa na walioiunda. Za bei ya chini sana mara nyingine hazina, unaambiwa upakue ASIO4ALL, ambayo ni kiraka: hufanya kazi, lakini ni kiraka. Mwenye Mac hana haja ya yote hayo, mfumo wake wa Core Audio umo ndani tayari.

Msaada wa pili ndio uliotuponya. Tafuta intafesi yenye kitufe cha kusikiliza moja kwa moja. Ukikibonyeza, sauti ya maiki inagawanyika humo humo kwenye kisanduku: tawi moja linakwenda kwenye kompyuta kurekodiwa, jingine linakwenda hedifoni bila kupita kisimani kabisa. Kata iwe kubwa upendavyo, mwimbaji hajui.

Kitufe hicho kina upungufu mmoja. Sauti inakuja kavu, bila mwangwi, na waimbaji wetu wamezoea mwangwi wa msikitini. Dawa yake ni hii: weka programu itoe mwangwi peke yake, pasipo sauti yenyewe, na uchanganye na ile inayokuja moja kwa moja. Mwangwi utachelewa, ndiyo, lakini mwangwi gani usiochelewa? Ukuta wa mbali daima hujibu baadaye. Kasoro ya kompyuta inageuka kuwa ukubwa wa chumba.

Usinunue intafesi kwa kupumbazwa na USB mpya mpya. Njia mbili za sauti ni megabiti 2.3 kwa sekunde, na USB 2.0 hubeba 480. Wala kiwango cha sampuli 192,000 kwa sekunde kisikusumbue. Sikio zima la kijana huishia karibu na hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na sampuli hunasa mitetemo hadi nusu ya idadi yake, kwa hiyo 48,000 hufika huko. Hakikisha tu intafesi ina volti 48 za kuendesha maiki za kondensa, zile zinazonasa hata sauti ndogo na zinazohitaji umeme, hata kama leo huna.

Nasema hata kama huna kwa sababu kwenye nyumba zetu za mawe mimi naanza na maiki ya dainamiki, ile ya kuimbiwa karibu. Upana wa vyumba vyetu ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko, mara nyingi haufiki mita tatu, na kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa hurudisha sauti kama kioo. Zidaka ukutani huitawanya kidogo, mkeka sakafuni hausaidii kitu. Kondensa itachukua hayo yote, pamoja na punda wa kichochoroni na injini ya boti. Magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya mwimbaji yana faida kuliko maiki ya bei kubwa.

Stima nayo ina lake. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, wa hezi 50 au 100, chomoa chaja ya laptopu utumie betri. Na chumvi ya hewani hula vichwa vya waya: vifunge kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Hedifoni za Bluetooth ziache kabisa wakati wa kurekodi, kwani zenyewe tu huchelewesha milisekunde 100 hadi 200 au zaidi.

Kupima ucheleweshaji wako hakuhitaji kifaa cha kununua. Weka hedifoni mezani kando ya maiki, sauti ikiwa juu, na simu iwe inarekodi hapo kati. Gonga gilasi kwa kijiko mara moja. Simu itanasa kishindo cha gilasi, kisha kile kilichozunguka ndani ya kompyuta na kutokea hedifoni. Ifungue rekodi hiyo kwenye programu yako, ikuze, upime umbali wa vilele viwili.

Siku ya kwanza umbali huo ulikuwa milisekunde 230. Tulipoweka intafesi na kata ya 128 ukawa 11, na ami akasema yule mwigaji amesogea karibu lakini bado yumo. Nikabonyeza kile kitufe, nikanyamazisha njia ya kompyuta, nikagonga gilasi tena. Kwenye picha ya mawimbi kilisimama kilele kimoja. Ami akazivaa hedifoni, akakohoa kidogo ajisikilize, akaanza.