Kuchuja spini bila sumaku: tabaka la kairali ndani ya taa ya LED

Taa ya LED ya kawaida haijali spini, yaani mzunguko wa ndani wa elektroni unaoelekea juu au chini. Elektroni huingia upande mmoja, matundu (nafasi zilizoachwa wazi na elektroni) upande wa pili, vikikutana fotoni hutoka. Nusu ya elektroni hizo spini yake inaelekea juu, nusu inaelekea chini, kwa hiyo mwanga unatoka bila mwelekeo wowote wa mzunguko. Ukiweza kuingiza elektroni za spini moja tu, hali inabadilika: momenta ya mzunguko haipotei, inahamia kwenye fotoni, na mwanga unatoka ukizunguka kulia au kushoto.

Wazo hili si geni. Mwaka 1999 yalichapishwa majaribio mawili yaliyofanya hivyo kwa kutumia nusukipitishi chenye manganizi kama chanzo cha spini. Yalifaulu, lakini kwenye baridi kali tu. Taa inayodai kupozwa kwa heli ya kimiminika haitafika kwenye simu ya mtu.

Mwaka huohuo Ron Naaman wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, akiwa na David Waldeck wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzao, walionyesha kitu ambacho wengi walikitilia shaka: elektroni zikipita katika tabaka la molekuli za kairali, spini ya upande mmoja hupita kwa urahisi kuliko ya upande mwingine. Umbo la kairali ni lile ambalo haliwezi kulala sawasawa juu ya taswira yake ya kiooni, kama kandambili ya kulia na ya kushoto. Mwaka 2011 tabaka la DNA lililopangwa juu ya dhahabu lilitoa elektroni zenye upendeleo wa spini wa takriban asilimia 60, katika joto la kawaida la chumba. Wananadharia bado wanabishana kuhusu sababu, kwa kuwa kaboni na naitrojeni ni atomi nyepesi, na nguvu inayofunga spini na mwendo wa elektroni ndani yake ni ndogo mno kueleza athari kubwa kiasi hicho. Mimi ni mtu wa maabara. Nayaheshimu mabishano hayo, lakini kichujio kinachofanya kazi bila sumaku na bila baridi sikiachi kikingoja nadharia.

Mwaka 2021 kundi la maabara ya taifa ya nishati mbadala ya Marekani (NREL) na Chuo Kikuu cha Utah walikiweka kichujio hicho ndani ya LED. Walitumia perovskaiti, jamii ya kristali zenye mpangilio maalumu wa atomi: hapa ni matabaka ya risasi na iodini yaliyotenganishwa na molekuli ya methilibenzilamoniamu, ambayo huja katika maumbo mawili, R na S. Molekuli ndiyo inayoleta ukairali, risasi na iodini ndizo zinazopitisha umeme. Spini za mkondo uliovuka kichujio zilipangika kwa zaidi ya asilimia 80. Mwanga uliotoka je? Upendeleo wake wa kuzunguka upande mmoja ulikuwa asilimia 2.6 tu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi yetu yote. Spini hazikupotea kwenye kichujio, zilipotea baada ya kukivuka. Mwanga ulitengenezwa na nanokristali za perovskaiti, na humo, katika joto la chumba, spini husahau mwelekeo wake ndani ya pikosekunde, ilhali fotoni huchukua nanosekunde, yaani muda mrefu mara elfu, kutoka. Elektroni inafika ikiwa imepangwa vizuri, kisha inakaa muda mrefu mno kabla ya kutoa mwanga. Kuboresha kichujio kutoka 80 hadi 95 kungesaidia kidogo sana. Kinachohitajika ni mahali pa kutolea mwanga panapohifadhi spini, na mpaka safi kati ya sehemu hizo mbili.

Ndiyo maana matokeo ya mwaka 2024 yalinifurahisha kuliko yale ya kwanza. Watafiti wa NREL na Utah waliunganisha perovskaiti ya kairali na nusukipitishi cha alumini, gali, indi na fosfora, jamii ileile inayotumika katika LED nyekundu za viwandani. Upendeleo wa mzunguko wa mwanga ukafikia karibu asilimia 15. Nyenzo mbili ambazo hazifanani kabisa, moja laini, itengenezwayo kwa myeyusho, nyingine kristali ngumu, zikapitishiana spini katika joto la chumba.

Ninaposoma ripoti ya aina hii, natafuta mambo mawili kwanza. Ukibadilisha R kuwa S, lazima mzunguko wa mwanga ugeuke, na mchanganyiko sawa wa R na S usitoe mzunguko wowote. Pili, filamu ya kairali yenyewe inaweza kunyonya mwanga unaozunguka upande mmoja kuliko mwingine na kukudanganya kwamba spini imefanya kazi. Katika kifaa cha 2021 hofu hiyo ni ndogo: filamu hunyonya zaidi karibu na nanomita 500, taa inatoa nyekundu.

Ipo njia nyingine, ya Cambridge na Eindhoven, iliyochapishwa mwaka 2025. Wao hawachuji spini kabla; molekuli zinazotoa mwanga zenyewe zimejipanga kwa msokoto, na OLED yao ya kijani (LED ya molekuli za kikaboni) ilifikia ufanisi wa asilimia 16 katika kugeuza umeme kuwa fotoni zinazotoka nje, kipimo tofauti na upendeleo wa mzunguko. Kwa skrini naiona iko karibu zaidi na soko. Skrini za OLED hufunikwa filamu ya kuzuia miale inayorudi, na filamu hiyo hula karibu nusu ya mwanga. Mwanga unaozunguka upande unaofaa ungepita wote.

Kwa upande wa kichujio, kikwazo kinachonisumbua ni risasi, kwa kuwa ni sumu. Perovskaiti ya bati imeshaonyesha uchujaji mzuri sana wa spini, lakini bati huoksidika haraka ikiguswa na hewa, na filamu huharibika.