Programu za Kufuatilia Simu za Watoto: Wanachodhani Wazazi na Hali Ilivyo

Mzazi anayempa mwanawe simujanja ya kwanza, iwe ni Tecno iliyonunuliwa Kariakoo au iPhone iliyotumwa na shangazi aliye ughaibuni, hupewa ushauri uleule na karibu kila mtu: weka programu ya kumfuatilia, kisha ulale usingizi wako. Nusu ya kwanza ya ushauri huo haina ubaya. Nusu ya pili ndiyo yenye kasoro, kwa sababu kinachofuatiliwa na programu ni kifaa, ilhali kinachomkosesha mzazi usingizi ni mtoto.

Dhana potofu: Mzazi huona kila kitu anachofanya mtoto

Programu zinazoaminika zaidi ndizo zinazoonyesha machache. Family Link, iliyoanzishwa na Google mwaka 2017, na Screen Time, ambayo Apple iliileta pamoja na iOS 12, toleo la mfumo unaoendesha iPhone, mwaka 2018, humwezesha mzazi kupanga saa za matumizi, kuifunga simu wakati wa kulala, kuidhinisha programu mpya kabla haijapakuliwa na kujua kila programu imetumiwa kwa muda gani. Hazimsomei mazungumzo. Mzazi ataona kwamba WhatsApp ilitumiwa kwa dakika 50, lakini dakika 50 za kusaidiana hesabu na wanafunzi wenzake na dakika 50 za kurubuniwa na mtu mzima huandikwa kwa tarakimu zilezile.

Tangu Aprili 2016, ujumbe wa WhatsApp husimbwa kwa namna ambayo ni mtumaji na mpokeaji tu wanaoweza kuusoma, hivyo kifaa chochote kinachokaa njiani, kama vile ruta ya nyumbani, hakiambulii kitu. Programu zinazodai kusoma mazungumzo hayo hulazimika kujipenyeza ndani ya simu yenyewe na kunakili yanayopita kwenye kioo, au kuchota nakala ya akiba iliyohifadhiwa mtandaoni. Ili hilo liwezekane katika simu za Android, mara nyingi mnunuzi huelekezwa kuzima baadhi ya kinga, ikiwemo ile inayozuia programu zisizotoka Play Store. Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mzazi haumchagui anayeingia.

Hata orodha ya majina ya wanaowasiliana na mtoto haisaidii sana. Utafiti wa Disrupting Harm, ambao ECPAT (mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa watoto kingono), INTERPOL na UNICEF waliufanya katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, ulibaini kwamba wanaowadhulumu watoto kupitia mtandao mara nyingi ni watu ambao watoto hao tayari wanawafahamu. Jina la mjomba au la mwalimu wa twisheni halimshtui mzazi yeyote linapojitokeza miongoni mwa waliopiga simu.

Dhana potofu: Kichujio huzuia uchafu wote

Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Andrew Przybylski na Victoria Nash, walichapisha matokeo yaliyotokana na takwimu za vijana wa Ulaya na kukadiria kwamba zingehitajika kaya kati ya 17 na 77 zitumie vichujio, yaani programu zinazozuia maudhui yasiyofaa, ili kijana mmoja tu aepuke kukutana na picha za ngono mtandaoni. Waliwachunguza watoto wa Ulaya, ambako lugha zinazotumiwa na vichujio vingi zinafahamika vizuri. Kwetu pana ugumu wa ziada: kichujio kinachotegemea orodha ya maneno ya Kiingereza hakijui Kiswahili cha mitaani, Sheng wala misimu inayozaliwa leo na kufa kabla ya mwezi kwisha. Watoto wa pwani wamecheza Kinyume tangu zamani, wakihamishia silabi ya mwisho mwanzoni hadi nyumba ikawa mbanyu, na walifanya hivyo ili wakubwa wasielewe, wakati huo hata simu ya mezani ikiwa kitu cha nadra. Sioni sababu ya kuamini kwamba mashine iliyofundishwa mbali itawaelewa upesi kuliko bibi aliyekuwa ameketi barazani.

Isitoshe, kichujio cha kivinjari hukagua tovuti zinazofunguliwa kupitia kivinjari hicho. Video iliyorushwa katika kundi la WhatsApp haipiti huko, na viungo vingi vinavyobofywa ndani ya mitandao ya kijamii hufunguka humohumo ndani ya programu husika.

Dhana potofu: Mtoto hawezi kuikwepa

Anaweza, na wala hahitaji kuwa fundi. VPN ya bure, yaani programu inayoupitisha mtandao kwenye njia iliyofichwa, hukwepa baadhi ya vichujio, lakini njia rahisi kupita zote ni simu nyingine: ya rafiki, ya binamu, au ile ya zamani ya baba iliyosahaulika kabatini, ambayo inahitaji chaji na Wi-Fi tu. Wakati mwingine hata ukwepaji hauhitajiki, kwani baadhi ya simu za bei nafuu huzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa betri, na programu ya uangalizi ikazimwa pamoja nazo.

Dhana potofu: Ramani huonyesha mtoto alipo

Huonyesha simu ilipokuwa mara ya mwisho ilipopata mawasiliano. Bando likiisha au betri ikizima, alama hubaki palepale, na mzazi asiyetazama saa iliyoandikwa kando yake huweza kuamini kwamba mwanawe bado yuko shuleni.

Dhana potofu: Taarifa zinazokusanywa hubaki kati ya mzazi na mtoto

Hapa ndipo wazazi wanapaswa kushtuka zaidi, na ndipo wanaposhtuka kidogo. Mei 2018 ilibainika kwamba TeenSafe, programu ya Marekani ya kufuatilia vijana, iliacha seva, yaani kompyuta zake za kuhifadhia data, bila ulinzi, zikiwa na nywila za akaunti za Apple za watoto zilizoandikwa waziwazi. Mbaya zaidi, programu hiyo ilitaka uthibitisho wa hatua mbili (msimbo wa ziada unaoombwa baada ya nywila) uzimwe, kwa hiyo yeyote aliyeipata nywila angeweza kuingia. Mwaka huohuo picha na video za mamia ya watoto waliokuwa wakifuatiliwa kupitia Family Orbit zilikutwa zikifikika. Desemba 2021 ilifichuliwa kwamba Life360, inayotumiwa na familia nyingi kujuana zilipo, ilikuwa ikiuza data za mahali kwa madalali wa data. Miezi michache kabla yake, Tume ya Biashara ya Marekani ilikuwa imeipiga marufuku SpyFone kufanya biashara ya programu za upelelezi.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata hivyo, sheria hairudishi picha iliyokwisha kusambaa, na kampuni iliyosajiliwa bara jingine haifikiki kwa urahisi kutoka Dodoma au Nairobi.

Dhana potofu: Ni bora mtoto asijue

Mtoto hujua. Simu inayoishiwa chaji ghafla, bando lisiloeleweka linakokwenda, au baba anayeuliza jambo ambalo hakuambiwa na mtu, vyote humfichulia. Watafiti wa Marekani waliochambua maoni 736 yaliyoandikwa na watoto na vijana kuhusu programu hizi katika Play Store, na kuchapisha kazi yao mwaka 2018, waligundua kwamba zaidi ya robo tatu ya maoni hayo yalitoa nyota moja tu. Wengi walilalamika kwamba programu ziliwabana kupita kiasi na kuwaharibia uhusiano na wazazi wao. Palikuwepo pia maoni machache ya kusifu, hasa pale programu ilipomsaidia kijana mwenyewe kupunguza muda wa kukaa kwenye simu. Kwa mtoto wa miaka 8 anayejua kwamba simu hufungwa saa 2 usiku, na aliyeelezwa sababu yake, Family Link hufanya kazi hiyo vizuri bila kumsomea mtu ujumbe.