Mwacheni Mtoto, Si Mchafu

Wiki hii tena. Binti wa miaka 14 kaketi mbele yangu, kainamisha kichwa, na anayejieleza kwa niaba yake ni mama mtu: "Daktari, shida ya huyu ni moja tu, hajui kunawa uso."

Nikavuta taa. Paji la uso limejaa vijipele vyeupe vidogo, kama mchanga uliofunikwa kwa ngozi nyembamba. Mashavu yanang'aa kwa kuchubuka, na pembeni mwa pua ngozi inabanduka. Mwanangu, unanawa mara ngapi kwa siku? Mara tano. Kwa sabuni ya kipande na dodoki. Huyo ndiye asiyejua kunawa.

Hili la kusema chunusi huletwa na uchafu limenichosha. Wanaosema chunusi huletwa na kuwaza wavulana siwajibu kabisa, nawacheka tu nikimaliza kazi. Lakini la uchafu linaumiza, maana mtoto huadhibiwa kwa sabuni kwa kosa ambalo hakulitenda.

Chunusi nyeupe ni komedoni iliyofungwa, yaani kinyweleo kilichoziba na mdomo wake ukafunikwa. Balehe ikiingia, homoni za androjeni huiamsha tezi ya mafuta iliyo ubavuni mwa kinyweleo. Androjeni wanazo wavulana na wasichana pia. Wakati huohuo seli za ukuta wa ndani wa kinyweleo, ambazo kwa kawaida hupukutika na kutoka na mafuta, huanza kung'ang'aniana. Mafuta na seli zilizokufa hushikamana, vikawa kizibo. Mdomo wa kinyweleo ukiwa wazi, unapata chunusi nyeusi, na weusi wake ni melanini, ile rangi ya ngozi, pamoja na mafuta yaliyokutana na hewa, si vumbi. Mdomo ukifunikwa, ni nyeupe. Bakteria na usaha huja baadaye, na si wote huwafika, kwa hiyo leo nawaruka.

Sasa niambieni, sabuni inafika wapi hapo? Inaishia juu. Kizibo kiko chini ya ngozi, mlango umefungwa. Ni kufagia ua ukitarajia bomba la jikoni lizibuke. Tena ufagio wenyewe unaharibu: msuguano unachubua, ngozi inavimba, na kuvimba huko kunaweza kuzalisha chunusi mpya. Mzazi anaziona mpya, anaagiza kusugua zaidi. Nimeona nyuso zilizosuguliwa namna hiyo mwaka mzima.

Jambo la pili linaloniudhi ni kupaka dawa kipele kimoja kimoja, kama mtu anayeua mbu. Kipele unachokiona leo kilianza wiki nyingi nyuma, kikiwa kidogo kiasi kwamba hata mimi na lenzi yangu singekiona. Leo hii ngozi inayoonekana safi kando yake ina ndugu zake njiani. Dawa hupakwa eneo lote linalosumbua, kwa ajili ya hao wasiozaliwa bado.

Kwa chunusi nyeupe tupu mimi huanza na adapaleni ya 0.1%, dawa ya kupaka inayozuia vinyweleo kuziba. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima, usiku, ngozi ikishakauka. Usiku mmoja paka, unaofuata pumzika, mpaka ngozi izoee. Majuma ya kwanza itakauka, itawasha, na huenda ukaonekana umezidi kuharibika. Hapo ndipo wengi wanapoitupa. Hesabu wiki 8 hadi 12 ndipo uhukumu. Mjamzito asiiguse. Pakiwa na vipele vyekundu naongeza benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka inayoua bakteria, na 2.5% inatosha. Ya 10% huongeza muwasho kuliko faida, na zote hupausha foronya na taulo, kwa hiyo tumia nyeupe. Asidi ya salisiliki husaidia, ila kwa unyonge. Antibaiotiki za kumeza kwa chunusi nyeupe pekee, hapana. Dawa ya meno, hapana. Ndimu, hapana, na sitaki tubishane. Krimu za kung'arisha zenye steroidi ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu zenyewe huleta chunusi.

Kukamua? Mimi huzitoa mara chache kwa sindano safi, na mara nyingi kinyweleo kilekile hujaza tena, maana kizibo umekitoa lakini ukuta unaokitengeneza umeuacha. Ukikamua kwa kucha, ngozi nyeusi hukulipa doa linalokaa miezi.

Nikiri na mengine. Niliwahi kumpa kijana adapaleni miezi mitatu bila nafuu yoyote. Vipele vyake vilikuwa vya ukubwa mmoja, vimejaa paji na mgongo, na vilikuwa vinawasha. Neno hilo la kuwasha alinitajia siku ya kwanza, nikalipita. Walikuwa fangasi wa vinyweleo, si chunusi. Dawa ya fangasi ilifanya ndani ya majuma machache kazi ambayo mimi sikuifanya robo mwaka. Na kuhusu chakula, nilifundishwa kuwa hakihusiki, nikawarudisha nyumbani wazazi wengi kwa kiburi. Leo ushahidi juu ya vyakula vinavyopandisha sukari haraka unanilazimisha niwe mpole. Maziwa nayo yanashukiwa, ingawa kwa ushahidi dhaifu zaidi. Bado simnyimi mtoto chakula kwa ajili ya vipele, ila nimeacha kucheka.

Nikamuuliza binti anapaka nini nywele. Mafuta mazito, kila asubuhi, mpaka mwanzo wa paji. Vijipele vyake vilikuwa vimejipanga palepale, sambamba na nywele. Mama akasogea kutazama, akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo anawe mara ngapi?"

"Mbili, mama. Asubuhi na usiku, na akitoka jasho. Sabuni laini, kwa vidole."

"Mbili tu?" Alinitazama kama niliyemwachisha mtoto shule. Binti ndipo akainua kichwa.

"Na dodoki, daktari?"

"La visigino."