Linux haikuzuii kutumia programu za kulipia

Hapa Kigoma mjini, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, bado utasikia fundi kompyuta anamwambia mteja eti ukiweka Linux, yaani mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, basi programu za kulipia usahau, na ukiuza kitu juu yake unavunja sheria. Si kweli jamani. Linux aliianzisha Linus Torvalds 1991, na leseni yake ya GPL inaruhusu kabisa kutoza hela, inachotaka ni kwamba ukimpa mtu programu yenye leseni hiyo umpe na haki ya kupata msimbo wake (maandishi yanayoiunda), aubadilishe, augawe. Programu yako mwenyewe uliyoiandika itumike juu ya Linux ni mali yako, unaweza kuifunga na kuiuza. Simu za Android zina kiini cha Linux na app za kulipia zimejaa. Mtu wa video anayetaka DaVinci Resolve Studio, programu ya kuhariri video, ananunua, anaiweka kwenye Linux, anapiga kazi. Kampuni ya Red Hat nao wameuza huduma juu ya Linux hiyohiyo mpaka IBM wakawanunua 2019 kwa dola bilioni 34! Ni kweli Microsoft Office ya kuinstoo haina toleo la Linux, hapo fundi yuko sahihi, ila faili la docx (la Word) unalifungua kwa LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kagua tu majedwali kabla ya kuprinti maana mpangilio wakati mwingine unahama.